Umeshameza antibiotiki, je, upime lini? Jibu la aliyepima mapema mara mbili

Ndugu uliyeuliza, umesema ulimeza azithromaisini ya siku tatu kwa ajili ya kikohozi, wiki moja baada ya kujamiiana bila kondomu, na sasa unataka kujua iwapo ukipima magonjwa ya zinaa kesho majibu yatakuwa ya kuaminika. Swali kama hilo niliwahi kuliuliza mimi pia, ila niliuliza nikiwa nimeshakosea mara mbili.

Miaka michache iliyopita, hapa Dar es Salaam, mkojo ulianza kuniunguza. Kama ilivyo desturi yetu wengi, niliupa ugonjwa jina mwenyewe, nikasema ni UTI, nikanunua siprofloksasini duka la dawa. Siku ya tatu ya dozi, maumivu yakiwa yamepungua, wasiwasi ulinipeleka kwenye zahanati moja, ambako majimaji yangu yalitazamwa kwa darubini na ikaandikwa kwamba hakuna bakteria walioonekana. Aliyenipima hakuniuliza kama nimemeza dawa, nami kwa aibu sikumwambia. Karatasi ile niliitunza kama hati ya kiwanja. Baada ya wiki tatu hivi dalili zikarudi.

Daktari wa pili alianza kwa kuniuliza nimemeza nini na nilimaliza lini. Alinieleza kwamba klamidia, bakteria wa ugonjwa wa zinaa, huishi ndani ya seli za mwili, hivyo darubini ya kawaida haiwezi kuionyesha. Na hata kama tatizo lingekuwa kisonono, ambacho huonekana kwa darubini na huweza kuoteshwa maabara, siku tatu za dawa zingeweza kuwadhoofisha vimelea hadi wasionekane wala kuota, ilhali wangali wamo mwilini. Kipimo cha PCR cha mkojo kikaonyesha klamidia. Nilipewa doksisaiklini miligramu 100, mara mbili kwa siku kwa siku 7, mchumba wangu naye akatibiwa, na tukaambiwa tusikutane kimwili mpaka sote tumalize dozi.

Kosa la pili lilitokana na haraka. Siku ya nne baada ya kumaliza vidonge nilirudia PCR kwa fedha zangu, bila kumwambia daktari, na majibu yakaonyesha klamidia tena. Usiku ule nilimwuliza mchumba wangu maneno ambayo mpaka leo ninayajutia, kwa kuwa niliamini kwamba ameniambukiza upya. Kumbe PCR hutafuta vinasaba vya kimelea, na haiwezi kutofautisha kimelea hai na mzoga wake. Mabaki hayo huweza kukaa mwilini kwa wiki kadhaa baada ya tiba kufaulu. Ndiyo maana hushauriwa kutorudia kipimo cha klamidia kabla ya wiki 4 kupita tangu kutibiwa. Nilirudia wiki ya tano, hakukuwa na kitu. Nilipima tena baada ya miezi 3, safari hiyo si kwa kuishuku dawa, bali kwa sababu maambukizi mapya baada ya tiba hutokea mara nyingi.

Sasa nirudi kwako. Azithromaisini uliyomeza ina nguvu juu ya klamidia, na kwa kiasi fulani juu ya kisonono, ingawa dozi ya kikohozi haikupangwa kwa ajili ya magonjwa hayo. Ukipima kesho na kukutwa na maambukizi, kubali kutibiwa, kwa sababu hujawahi kutibiwa rasmi. Ukikutwa huna, usiyategemee majibu hayo. Kama huna dalili yoyote, mimi ningesubiri wiki 4 tangu kidonge cha mwisho, nikitumia kondomu au nikijizuia kabisa. Ukiwa na usaha, maumivu ya korodani au kidonda, nenda leo, wala usihesabu wiki. Hali kadhalika kwa aliyechomwa sindano ya kisonono na usaha ukaendelea: huyo arudi mapema, kwa kuwa huenda kimelea ni sugu na kinahitaji kuoteshwa ili ijulikane dawa gani inakiweza. Mama mjamzito naye afuate ratiba ya kliniki yake, asifuate yangu.

Kaswende ina hesabu yake, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa zaidi. Kidonda chake huweza kuchukua siku 10 hadi 90 kujitokeza, na antibiotiki iliyomezwa kwa sababu nyingine huweza kuuficha ugonjwa bila kuumaliza. Kwa hiyo pima sasa, kisha urudie baada ya miezi 3. Kwa aliyekwisha kutibiwa, kipimo cha haraka cha kingamwili kwa kawaida hubaki chanya maisha yote, hata akiwa amepona. Namfahamu mtu aliyechomwa penadua, sindano ya kutibu kaswende, mara tatu kwa sababu hiyo tu, kila akipima mahali papya. Kinachofaa kufuatiliwa ni RPR, kipimo kingine cha damu cha kaswende, ambacho kiwango chake hushuka polepole baada ya tiba, kwa mfano kutoka 1:32 hadi 1:8, na hilo huchukua miezi.

Kwa upande wa VVU, antibiotiki haibadilishi majibu, kwani hivyo ni virusi. Kipimo cha haraka cha kingamwili kikisema huna, hakikishi mpaka zipite siku 90 tangu tukio. Kama ulipewa dawa za kujikinga na VVU, zile zinazopaswa kuanzwa ndani ya saa 72 tangu tukio, mweleze mpimaji, kwa sababu ratiba hubadilika.

Usikatishe dozi uliyoandikiwa na daktari ili tu upime. Siku ya kwenda, chukua boksi la dawa hata kama ni tupu, andika juu yake tarehe ya kidonge cha mwisho, na uliza utapimwa kwa darubini, kwa kuotesha au kwa PCR. Kama ni PCR ya mkojo, kaa angalau saa moja bila kukojoa, kisha kinga ule wa mwanzo kabisa, si wa katikati kama tulivyozoea kwenye kipimo cha UTI.