Kijiko cha mwanasesere ni kijijiko?

Dada mmoja aliyeko Uingereza kaniandikia: "Shikamoo mwalimu, nimenunua mnadani vidoli vya kauri vya zamani, vile vinaitwa Frozen Charlotte, kimoja hakifiki hata kidole gumba, na vimekuja na vyombo vyake vya chai, kijiko chenyewe unakiokota kwa kibanio cha nyusi. Nataka niviandikie maelezo kwa Kiswahili nimekwama. Niseme huyu au hiki? Na kijiko tayari kina ki-, sasa hiki kidogo zaidi ni kijijiko?"

Marahaba. Hiyo kijijiko imenichekesha ila njia uliyopita siyo mbaya. Kijiko chenyewe ni mtoto wa mwiko, toa mw- weka ki-, halafu -j- ikajipenyeza hapo katikati, kama mwana alivyozaa kijana na mji ukazaa kijiji, ila kwa kijiji imeingia -ji- nzima. Sasa mtoto keshakua, ana maisha yake, hakuna anayekumbuka mwiko akikoroga chai. Majina yenye ki- tayari huwa tunayawekea kiji-, yaani kikombe kinakuwa kijikombe, kisu kijisu, kitabu kijitabu. Ila kijijiko ni kama mtu ana kigugumizi, mi ningeandika kijiko cha kidoli basi, yatosha. Wenzetu wa Kenya watakwambia weka ka-, sawa, mtaani inapita, lakini ukisema kajiko mtu anaona jiko dogo la makaa. Na kiti kidogo usikiite kijiti, kijiti ni mtoto wa mti! Sahani nayo ina mtego wake maana kisahani ni kile cha kuwekea kikombe, kwa hiyo sahani ya kidoli naona kijisahani ndo inakaa vizuri.

Haya, huyu au hiki. Mwanasesere kabeba "mwana" ndani ya jina, ndo maana anaenda na a-/wa-: mwanasesere huyu kavunjika mguu, wanasesere hawa. Sanamu ina sura ya mtu vilevile lakini tunasema sanamu hii, kwa hiyo siyo suala la sura, ni jina. Kidoli ni hiki, vidoli hivi. Mdoli ndo vurugu, wingi midoli, kisarufi ni mdoli huu umevunjika, lakini mtoto akiniambia mdoli wake amelala sithubutu kumsahihisha.

Kwa hivyo vyako ningechagua kidoli. Vilitengenezwa sana Ujerumani kuanzia miaka ya 1850 mpaka kama 1920, mwili mzima umemiminwa kipande kimoja, mikono imeganda, magoti hayakunjiki, hata ukikipa kiti hakikai. Kidoli kimesimama tu na kijikombe chake pembeni, hapo "hiki" inamfaa kabisa, eh, ona, nimeandika inamfaa wakati nilitaka inakifaa, ulimi unakimbilia kwenye utu.

Jambo moja la haraka: kama utaandika pia kuhusu ile nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary wa Uingereza iliyopo kwenye kasri la Windsor, ya 1924, kila kitu kimepunguzwa mara 12 na mabomba yanatoa maji kweli, iite kijumba au nyumba ya wanasesere. Usije ukaandika "nyumba ndogo ya Malkia". Huku Bongo nyumba ndogo ni mchepuko, na watu watataka kujua ni wa nani.