Barafu inayoelea haiwezi kupandisha bahari mita saba

Ndugu yangu, umeandika kwamba barafu inayoelea kule Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia, ikiyeyuka yote, bahari itapanda mita saba ndani ya miaka ishirini. Hapo sikubaliani nawe. Tia vipande vya barafu kwenye glasi, jaza maji hadi ukingoni kabisa, halafu subiri. Barafu itaisha yote na maji hayatamwagika, maana kitu kinachoelea kimeshasukuma maji yenye uzito sawa na wake. (Kwa maji ya chumvi ipo tofauti, lakini ni ndogo mno.) Hizo mita saba ni za barafu iliyokaa juu ya nchi kavu, kwenye kisiwa cha Greenland, na kuisha kwake ni jambo la karne nyingi.

Habari zilizotiwa chumvi zinatuumiza sisi tunaojali mabadiliko ya tabianchi. Ripoti ya 2007 ya IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, ilisema barafu ya milima ya Himalaya huenda ikatoweka kufikia 2035. Januari 2010 jopo lenyewe likakiri kosa. Aya moja tu kati ya maelfu ya kurasa, na wapingaji wameishikia bango mpaka leo!

Vipimo halisi vinatosha kabisa: kati ya 1901 na 2018 bahari ilipanda takriban sentimita 20, kwa sababu maji yakipata joto hutanuka, na barafu ya nchi kavu inaendelea kumiminikia baharini. Taja hizo.