Seva sita na fundi mmoja: nlivyoacha kupanda basi kwenda kurekebisha mstari mmoja

Mkuu, umesema una seva sita, mbili hapo Lindi mjini na nne zimetawanyika Nachingwea na Ruangwa, zote unazihudumia kwa skripti moja ya Bash (faili la amri za Linux) unayoinakili kila mara, na unauliza kama Ansible (programu ya kupanga seva nyingi toka mashine moja) ni ya makampuni makubwa tu au hata mtu mmoja itamfaa. Mi nipo Mtwara, nina mashine kumi na moja za maghala ya korosho na dogo mmoja wa kunisaidia. Itakufaa. Ila kuna sehemu itakuumiza kama ilivyoniumiza mimi, so vuta kiti.

Kwanza skripti yako ya Bash usiione takataka, imekufikisha hapo. Ya kwangu ilikuwa inaitwa andaa.sh, mistari kama mia mbili, inaweka hifadhidata ya PostgreSQL, inaweka programu yetu ya stoo, halafu inapanga bekapu ya saa nane usiku kwa mstari huu:

echo "0 2 * * * root /opt/bekapu.sh" >> /etc/crontab

Angalia hiyo mishale miwili. Kazi yake ni kuongeza maandishi mwisho wa faili, haiulizi kama yapo tayari. Sasa neti za huku si unazijua, skripti inakwama katikati inavuta vifurushi, naanza upya toka juu, inakwama tena, naanza tena. Mashine ya Ruangwa ikaishia na mstari huo mara saba na mi sina habari. Yaani ikifika saa nane usiku bekapu saba zinaamka kwa pamoja, zinaandika diski ileile, mpaka ikajaa. Asubuhi karani ananipigia "kaka mzigo hauingii kwenye mfumo" na huku nyuma nasikia fuso zinapiga honi, msimu umeshika, wakulima wamekaa juu ya magunia wanasubiri stakabadhi zao. Siku ile nlitukanwa na watu hata siwajui.

Kwenye Ansible hiyo kazi unaiandika kwa moduli ya cron (cron ndo inayoamsha kazi kwa ratiba kwenye Linux), unaipa jina, mfano "bekapu ya usiku", unasema dakika, saa na amri. Ukiirusha mara mia mstari unabaki mmoja, kwa sababu inatafuta kwanza jina hilo, ikikuta kila kitu kiko sawa inapita tu inakuandikia ok, ikikuta tofauti inarekebisha inaandika changed. Ila angalizo, inatambua kwa jina. Mi niliona "bekapu ya usiku" haijakaa vizuri nikabadili ikawa "bekapu ya hifadhidata", hapohapo nikapata mistari miwili, ule wa zamani ukabaki yatima. Ukibadili jina, lile la zamani liwekee state: absent kwanza.

Historia yake sitakuchosha nayo. Ilianzishwa na Michael DeHaan mwaka 2012, Red Hat wakainunua 2015. Puppet na Chef zilikuwepo kabla, ila hizo kwa kawaida unaweka wakala wake (kiprogramu chake) kwenye kila mashine na inakaa inazunguka muda wote, sasa mi vimashine vyangu vina RAM ya giga mbili, wakala atalala wapi? Ansible inaingia kwa SSH (njia salama ya kuingia mashine ya mbali), inafanya kazi yake inatoka, kule mbali inataka Python tu na kwenye Ubuntu kwa kawaida unaikuta. Laptopu yako kama ni Windows utahitaji WSL (Linux ndani ya Windows), haiendeshwi moja kwa moja huko. Na mafaili yake ni ya YAML (maandishi yanayopangwa kwa nafasi), humo usitumie tabu hata siku moja, piga nafasi. Mwanzoni nlipoteza jioni nzima kwa ajili ya tabu moja.

Sasa la Newala.

Nlikuwa nimeshanogewa, nikaandika pleibuku (faili la kazi za Ansible) ya fayawoli kwa mashine zote: ruhusu bandari 22 (ya kawaida ya SSH), zuia zinazoingia nyingine zote, washa ufw, yaani fayawoli ya Ubuntu. Nikarusha. Hakuna nyekundu, hakuna kosa hata moja, nikaenda zangu Feri kula pweza. Kesho yake mashine ya Newala haishikiki. Kumbe jamaa aliyekuwepo kabla yangu alihamishia SSH ya pale bandari 2222, mi nliiweka kwenye inventori (orodha ya mashine) mwaka ule naanza nikasahau kabisa. Na kilichonidanganya ni kwamba Ansible inaweka muunganisho wa SSH wazi kwa muda ili isifungue upya kila kazi, kwa hiyo fayawoli ilipowaka yeye alikuwa keshaingia ndani, akamalizia kazi zake vizuri, akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Basi la asubuhi, Nanyamba, Tandahimba, mpaka Newala. Mzee mlinzi wa ghala namwamkia shikamoo, ananiuliza "marahaba mwanangu, mbona mbio mbio, kimeungua?" Namwambia hapana mzee, kimejifungia. Akacheka akanishikia tochi maana taa ya chumba kile ilikuwa imekufa. Nikachomeka skrini na kibodi, nikaandika ufw allow 2222/tcp, enta. Kazi ya nusu dakika, safari ya siku nzima na nauli ya mfukoni kwangu.

Toka siku ile kitu chochote kinachogusa fayawoli, SSH au mtandao nakifanya hivi. Bandari siiandiki kwa mkono, naichukua kwenye ansible_port (bandari iliyoandikwa kwenye inventori) ya mashine yenyewe. Kabla ya kuwasha ufw naacha kamba ya kujiokolea kwa amri ya at: baada ya dakika kumi zima ufw, hata kama mimi sipo. Halafu nawasha, nakata muunganisho makusudi kwa meta: reset_connection, naweka wait_for_connection ili aingie upya kama mgeni. Akiingia, kazi inayofuata inaifuta ile kamba. Asipoingia, dakika kumi zikiisha mashine inajifungua yenyewe. (Hakikisha tu at imewekwa, sio mashine zote unaikuta.) Na sirushi kwa wote kwa mkupuo, naweka serial: 1, inaanza moja, ikifa zilizobaki hazijaguswa.

Kingine kilichonichanganya ni hendla. Hendla ni kazi inayosubiri kuitwa, mfano "washa upya Nginx" (seva ya wavuti), inaitwa pale faili la mipangilio likibadilika, na inafanyika mwisho wa zoezi. Siku moja faili likabadilika vizuri, kazi iliyofuata ikafeli sababu bando la modemu limeisha, zoezi likasimama, hendla haikufika. Nikaongeza bando nikarusha tena. Safari hii faili liko sawa tayari, so imeandika ok, hendla haijaitwa na mtu, na Nginx inaendelea na mipangilio ya zamani ilhali faili ni jipya na skrini ni kijani! Masaa mawili nilikodoa macho pale. Dawa ni kuweka meta: flush_handlers mara tu baada ya faili muhimu, au kurusha na --force-handlers, ila hiyo haisaidii kama mashine yenyewe haishikiki.

Kuhusu neti. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, hatujakaa sawa tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom nazo zikapata hitilafu. Mi nlikuwa na apdeti za mashine kumi na moja, kila moja inavuta vifurushi vilevile kutoka nje. Haikwenda. Toka hapo ofisini nimeweka apt-cacher-ng, kifurushi kinavutwa nje mara moja, mashine nyingine zinachukua kwangu kupitia WireGuard (VPN). Pia kwa kawaida Ansible inashika mashine tano kwa wakati mmoja na kila kazi inasubiri wote wamalize ndo waende inayofuata, kwa hiyo mashine moja ya Nachingwea yenye laini mbovu inawachelewesha wote. Kwa kazi zisizo na hatari weka strategy: free, kila mtu aende na mwendo wake.

Programu yenyewe ninavyoipeleka: naijenga ofisini, nafunga kifurushi kimoja, kinatumwa na kufunguliwa kwenye folda ya tarehe yake, mfano /opt/stoo/2025-02-11, halafu kuna kiungo kinaitwa "sasa" nakigeuza kielekee huko na kuwasha huduma upya. Ikileta kisirani nageuza kiungo kirudi folda ya jana. Lakini hifadhidata hairudi na kiungo, kama toleo jipya limebadili majedwali chukua nakala kwanza, hilo usilifanyie mzaha. Pasiwedi zifunge kwa ansible-vault kabla hujaweka chochote kwenye Git (hifadhi ya matoleo ya kodi).

Watu watakwambia rusha kwanza na --check (majaribio bila kubadili kitu) utaona kila kitu. Inasaidia, haswa ukiongeza --diff inayoonyesha tofauti, ila kazi ulizoandika kwa shell au command kwenye --check zinarukwa, so kama umehamisha skripti yako yote ukaibandika ndani ya shell hutaona kitu, na hapo ni kama bado unatumia Bash na mistari yako saba.

Wewe anza na ya hapo Lindi mjini unayoweza kuifuata kwa miguu. Chukua kitu kimoja tu, hata hiyo cron, irushe mara mbili, mara ya pili ikiandika changed=0 ndo uhamie kingine. Nachingwea iwe ya mwisho. Ukikwama bandika kosa lote hapa, sio picha ya skrini iliyokatwa nusu, na futa pasiwedi kwanza.