Usisimamishe kanda kabla nembo haijapita

Ninyi mnaoanza kazi ya kuhamisha kanda za zamani za televisheni kwenda kwenye kompyuta, majina yakianza kupanda kwenye kioo msibonyeze kitufe cha kusimamisha. Subirini nembo ya kampuni iliyotengeneza kipindi ipite, kisha acheni kioo kibaki cheusi sekunde kadhaa. Wapo watakaowaambia mkate mkia, yaani sehemu hiyo ya mwisho, ili faili liwe dogo. Msikubali. Lebo ya karatasi hubanduka, nembo imo ndani ya kanda yenyewe.

Chukueni Embassy Television ya Marekani. Mwaka 1982 Norman Lear na Jerry Perenchio walinunua kampuni ya filamu ya Avco Embassy, na kampuni yao ya televisheni, T.A.T. Communications, ikachukua jina la Embassy. Mwaka 1985 wakaiuza kwa Coca-Cola, ambayo tayari ilikuwa na kampuni ya filamu na televisheni ya Columbia, kwa dola milioni 485. Kufikia 1988 jina la Embassy lilikuwa linaondoka kwenye kioo.

Sasa tazameni The Facts of Life, kipindi cha vichekesho cha mtandao wa televisheni wa NBC wa Marekani kilichorushwa kuanzia 1979 hadi 1988. Misimu mitatu ya kwanza ni ya T.A.T., kisha inakuja Embassy Television, na kuanzia 1986 Embassy Communications. Kwa hiyo usiandike "Embassy" tu kwenye kumbukumbu zako ukaridhika. Nakili maneno yote kama yalivyo, hata yale madogo ya chini, maana neno moja linaweza kukutofautishia misimu.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Vipindi vilipouzwa ili virudiwe, mmiliki mpya mara nyingi aliiondoa nembo ya zamani akabandika yake. Kipindi cha 1980 kinaweza kukujia na nembo ya Columbia TriStar au ya Sony Pictures Television, kampuni za baadaye zilizorithi vipindi vya Embassy. Nembo hiyo haisemi uongo, ila inakueleza umri wa nakala, si umri wa kipindi. Basi rudi nyuma kidogo, simamisha picha kwenye mstari wa hakimiliki. Mara nyingi mwaka umeandikwa kwa namba za Kirumi: MCMLXXXII ni 1982. Halafu vaa visikilizio. Wakati mwingine aliyebandika alibadilisha picha akaacha muziki wa zamani, au aliukata katikati, na mahali pa kuungia panasikika waziwazi. Andika dakika na sekunde ya mahali hapo.

Mikwaruzo na sauti ya kuvuma viacheni kwenye nakala kuu. Nembo safi mliyoipata kwingine msiipachike humo, hata kama inapendeza. Na mkikuta kanda mbili za kipindi kimoja zenye nembo tofauti, hifadhini zote mbili, hata ile ambayo picha yake imechakaa, maana mara nyingi hiyo ndiyo yenye nembo ya kwanza.