Hela ya ombaomba: mi niliacha kuamulia dirishani

Kuna siku pale taa za Buguruni, Dar, jioni, foleni imegoma kabisa, nimekaa siti ya dirishani kwenye gari la Gongo la Mboto, akaja mtoto wa kama miaka saba hivi akaweka kiganja dirishani, "anko naomba mia". Nikajifanya nachati. Akabaki. Nikachungulia kwa jicho la pembeni, bado yupo, na abiria wa nyuma wananiangalia mimi sio yeye. Aibu ikanishika nikachomoa buku (elfu moja) nikampa fasta. Dakika haijaisha wamefika wengine watano, mmoja kaning'inia mlangoni, konda akanigeukia, "anko umeyataka mwenyewe, haya wape wote". Gari zima likacheka.

Nilivyoshuka nikawa najiuliza ile buku ilikua sadaka au nilimlipa mtoto aniondokee machoni? Ukweli nilikua naujua. Na nikikumbuka hela zote nilizowahi kutoa barabarani, nyingi zilikua za namna hiyo hiyo, za kununua amani ya dakika mbili, alafu siku nikiwa nimevurugwa kazini sitoi hata jero (mia tano) na namfokea mtu ambaye jana yake ningempa. Yani mtu alikua anapata au anakosa kutokana na mood yangu, sio kutokana na shida yake.

Mtu aliyenifundisha kufanya tofauti wala hakujua kama ananifundisha. Nilishawahi kuwa kijana wa dukani kule Kisutu, duka la vyombo, bosi Mhindi mmoja mzee. Kila Alhamisi jioni ananipa elfu thelathini niende nikazitafutie sarafu, na nyie mnaijua shida ya chenji Dar, nazunguka kwa makonda, kwa wauza maji, kwa mama ntilie, narudi na mfuko mzito kama wa misumari. Ijumaa asubuhi foleni inaanzia duka la kona, inakuja kwetu, inaendelea mbele: vipofu wanaongozwa na watoto, wamama wana mtoto mgongoni, wazee waliokatika vidole kwa ukoma. Mia, mia, asiyeona mia mbili. Hamna maswali, hamna stori ya kuumwa, asante baba, anayefuata. Kama hujawahi kuiona ile foleni pita mitaa ya kule Ijumaa utaelewa ninachosema.

Siku moja nikamshtua bosi, huyu mama mbona ameshapita hapa mara ya pili na kabadilisha kanga tu. Hata hakuinua kichwa. Akaniambia we hesabu hela ya duka, hii ya Ijumaa ilishatoka jana, sio yangu tena wala sio yako. Kilichokua kinanichekesha ni kwamba zile sarafu zilikua zinarudi, mchana unawakuta wenyewe wanawauzia makonda, Jumamosi napanda daladala narudishiwa chenji labda ni ile ile niliyohangaika nayo Alhamisi.

Ilinichukua miaka kumuelewa yule mzee lakini sasa hivi ndo nafanya hivyo hivyo kwa uwezo wangu. Kila Jumapili natenga elfu tano, navunja iwe jero na mia mbili mia mbili, inakaa mfuko wa shati, peke yake, mbali na pochi. Ikiisha Jumatano imeisha, namwambia mtu "nisamehe leo mzee wangu" na simaanishi kumpiga chenga, kweli sina. Ushauri wangu mkubwa ni huo kama unataka kuondoka na kimoja tu: amua ukiwa nyumbani umetulia, sio pale dirishani. Na mfuko wa shati sio urembo, kwenye foleni ukifungua pochi au ukiacha simu mkononi dirisha likiwa wazi kuna vijana wengine pale ambao hawaombi, wanakwapua.

Sasa kuna kesi ambazo huo mfuko hautoshi, inabidi kichwa kifanye kazi.

Watoto. Kwa mtoto mdogo sitoi hela mkononi, kabisa, na nitakueleza kwanini. Siku nyingine pale pale Buguruni niliteremka nikamuuliza mmoja, mama yako yuko wapi, akanionyesha kwa kidole, chini ya mti kuna wamama watatu wamekaa, na kila mtoto akipata anakimbia kupeleka. Siwahukumu wale wamama, sijui wamelala wapi jana, ila nikaona hesabu ilivyo: mtoto akiwa mdogo na mchafu ndo anapata zaidi, kwahiyo kadiri tunavyompa ndivyo anavyozidi kuwa na thamani barabarani kuliko darasani. Na ada ya shule ya msingi ya serikali ilishafutwa toka mwanzoni mwa miaka ya 2000 (michango na sare na daftari ni kilio kingine hicho). Tena kuna mabaya zaidi ya yale ya chini ya mti, mwaka 2022 BBC walitoa uchunguzi wa watoto wenye ulemavu wanaochukuliwa kwa wazazi wao huku Tanzania kwa ahadi za uongo wakapelekwa Nairobi kuombeshwa, jioni hela yote anachukua mtu mwingine. Nilivyoiona sikulala vizuri, nikawa nakumbuka viganja vyote nilivyowahi kuwekea sarafu.

Kwahiyo mtoto nampa cha kula, na kiwe kimeshafunguliwa, maana biskuti iliyofungwa inaweza kurudi dukani. Mihogo ya kukaanga, chapati, maji. Anakula nikiwa namuona. Na kama unamuona mtoto ana dalili za kupigwa au kuna mtu mzima anamsimamia kama nyapara, kuna namba 116, ya bure, ndo simu ya msaada kwa watoto, unaelezea eneo na unachokiona. Ofisi ya ustawi wa jamii nayo ipo, ila uwe na muda wa kukaa kwenye benchi.

Mtoto anayemuongoza mzazi asiyeona, hapo mi mwenyewe bado sijapata jibu zuri. Ukimnyima mzee, na mtoto nae analala na njaa. Nampa mzee mkononi mwake, namsalimia shikamoo kama mzee mwingine yeyote, basi.

Watu wa nauli. Hawa ndo walinimaliza. Stendi ya Magufuli kule Mbezi, jamaa kavaa vizuri, kaibiwa begi, anataka kufika Korogwe mama anaumwa, macho yamelowa kabisa. Nikampa msimbazi, elfu kumi nzima. Wiki mbili baadae namkuta Kariakoo, kaibiwa tena, safari hii anaenda Kahama! Nikamwambia kaka Korogwe ulifika salama? Akacheka, nami nikacheka kwa hasira. Matokeo yake mwezi uliofuata akaja mama mmoja na mtoto pale stendi na stori kama ile ile nikamjibu vibaya, mbele za watu. Nilikua nasubiri mzigo toka Arusha, gari ikachelewa mpaka saa nne usiku, natoka namkuta yule mama kalala kwenye sakafu kamfunika mtoto na khanga. Tapeli gani analala sakafuni saa nne usiku hana wa kumtapeli.

Nikaenda kumwamsha nikamuomba radhi, tukaenda ofisi ya basi tukakata tiketi ya asubuhi kwa jina lake. Toka siku hiyo mtu wa nauli simpi hela, namwambia twende kwa wakala au kwa konda. Aliye na shida anaongoza njia, mwingine anakumbuka ghafla kwamba kuna mtu anamsubiri. Hata ukiwa huna nauli nzima ongea na konda, mara nyingi siti ya nyuma inashuka bei ukimwambia ukweli.

Kuna watakaosema unawalea, wanakuja wengi zaidi, na wengine wanatajirika. Hapo lazima mtu amtaje Matonya, yule ombaomba mzee aliyekua analala chali mchana kutwa kanyoosha mkono juu, Yusuf Makamba akiwa mkuu wa mkoa wa Dar akamrudisha kwao Dodoma na mjini wanasimulia akawahi kurudi Dar kabla watu hawajamaliza kushangilia. Paul Makonda nae, akiwa mkuu wa mkoa huo huo 2016, akatangaza ombaomba waondoke. Sheria yenyewe ipo, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 176, kuomba hadharani ni kosa. Wanaondolewa, wanarudi. Nina rafiki Mgogo, wa huko huko Dodoma, kila tukiona ombaomba kuna mtu ataanza utani huku anamuangalia yeye, siku moja akachoka akatuuliza, kwenu mvua ikikosa msimu mmoja mnakula nini? Kule mvua ni msimu mmoja kwa mwaka, ukikosea umekosea. Tukanyamaza.

Na ile ya "atanywea gongo". Labda. Mi mshahara wangu nikishapewa nani ananiuliza nimeufanyia nini? Mia mbili nikishaitoa ishatoka, kama alivyosema mzee wa Kisutu. Mtu akiwa amelewa kabisa mbele yangu simpi, nampita kwa salamu, sio lazima iwe mjadala.

Kitu kingine kidogo, ukiamua hutoi usijifanye humuoni. Bibi yangu alikua anasema mwombaji hakaripiwi, na akikosa cha kutoa anamjibu mtu kwa sauti nzuri mpaka mtu anaondoka anacheka. Mi nilianza kuwasalimia tu, shikamoo, habari za leo, na mmoja wao, mzee mmoja anayekaaga karibu na kituo ninachoshukia Posta, tumeshakua watu wa kujuana, yeye kila Jumatatu ana jero yake na sidhani kama nitaacha. Mwezi uliopita niliugua malaria siku tisa. Nimerudi, nimenyoosha mkono kumpa, akaushika mkono wenyewe akaacha hela ianguke, "kijana nilijua umekufa, nilishakuombea". Nikainama kuokota jero yake, na yeye anaendelea kuniuliza kama nimemaliza dozi.