Cheti kiko ukutani, ufunguo uko Kayole

Dada, umeuliza kama cheti cha zimamoto kinachotundikwa mapokezi kinatosha kukutuliza roho, maana mama anakuja kliniki Nairobi na atalala wiki nzima kwenye hoteli ya katikati ya mji. Nimefanya zamu ya usiku kwa miaka 6 kwenye hoteli ya ghorofa 7 huko upande wa River Road. Hoteli ya kulala, si ile ya chapati na maharagwe. Jina lake nalimeza.

Cheti tulikuwa nacho, halali kabisa, ndani ya fremu chini ya picha ya rais. Kila mwaka maafisa walikuja, wakahesabu mitungi ya kuzimia moto, wakasoma tarehe kwenye vibandiko, wakaenda zao. Kama walipewa chai au hawakupewa, siwezi kuapa, saa hizo mimi huwa nimelala. Na hapo ndipo penye shida. Hata afisa asiyeonja chai ya mtu huja saa nne asubuhi, na saa nne asubuhi mlango wa nyuma uko wazi, meneja yupo, fundi yupo, wasafishaji wanapanda na kushuka. Saa nane usiku tulikuwa mimi, soja mmoja, na wageni 40 waliolala. Na kufuli.

Kufuli lililetwa na televisheni. Mgeni mmoja aliitorosha alfajiri kupitia mlango wa nyuma, na kesho yake meneja akanunua mnyororo. Ufunguo akakabidhiwa msimamizi wa vyumba, ambaye ikifika saa mbili usiku hupanda matatu kwenda kwake Kayole, funguo zote mkobani. Niliomba nakala. Nikaulizwa, "Ya kufanyia nini usiku?"

Usiku uliokuja kujibu swali hilo, nilisikia harufu nikadhani ni watu wa nje wanachoma takataka. Kisha soja akaniita. Moshi ulikuwa unatoka stoo ya mashuka ghorofa ya 3, ambako pasi ilikuwa imeachwa kwenye stima, na kando yake magodoro ya sponji yamepangwa hadi dari. Ule moshi si wa kuni, dada. Ni mweusi, mzito, unakwaruza koo kabla hujaona moto wowote.

Sasa sikiliza hili. Mlango wa kuingilia ngazi kwenye kila ghorofa ni mzito, na juu una mkono wa chuma unaoufanya ujifunge wenyewe. Kazi yake ni moja tu, kuzuia moshi usiingie kwenye ngazi. Wasafishaji waliuchukia kwa sababu unawagonga wakiwa wamebeba mashuka, kwa hiyo huo wa ghorofa ya 3 ulikuwa umewekewa kizuizi usijifunge. Kizuizi chenyewe kilikuwa mtungi wa kuzimia moto. Mtungi uleule uliohesabiwa, wenye kibandiko kipya, ndio ulioshikilia mlango ili moshi uwapandie watu wa ghorofa ya 4 hadi ya 7.

Soja akauchukua, mlango ukajifunga, akaumaliza wote pale stoo. Alikuwa amefunzwa kazini kwake kwa zamani, si kwetu. Mimi nilikuwa chini na mtaimbo wa chumba cha jenereta, napiga kufuli. Wageni walikuwa wameanza kushuka, mama mmoja amemfunika mtoto leso usoni, mzee mmoja ananiuliza kwa upole kabisa kama kuna njia nyingine. Kwa saa ya mapokezi, kufuli lilinichukua dakika 11. Tulisalimika. Wawili walipelekwa hospitali kuwekewa oksijeni. Gari la zimamoto halikuchelewa kama watu wanavyopenda kusema, kituo cha Tom Mboya ni jirani tu, lakini lilisimama mwanzo wa barabara yetu likisubiri matatu zilizolala pale zisogezwe.

Baada ya wiki 2 kulikuwa na kufuli jipya. Nikaacha kazi.

Sheria hatukosi. Kanuni za kupunguza hatari ya moto za 2007 zinahusu kila mahali pa kazi, na hoteli ni mahali pa kazi. Zinataka ukaguzi wa usalama wa moto kila mwaka, zoezi la kuhama jengo angalau mara moja kwa miezi 12, na kikosi cha wafanyakazi waliofunzwa kuzima moto. Zoezi letu lilifanywa mchana, picha zikapigwa, na sisi wa usiku tukaletewa karatasi ya kutia sahihi. Mimi ningeacha mambo mengine yote nikaomba moja tu: mkaguzi aje usiku, bila kupiga simu, asukume mlango wa nyuma kwa mkono wake.

Tena mlango wa kufungwa kwa hofu ya wezi si jambo geni hapa mjini. Januari 2009 duka kubwa liliungua Kimathi Street, wakafa watu wapatao 29, na walionusurika walisimulia kuwa milango ilifungwa watu wakiwa ndani. Na usidhani hoteli ya kifahari imepona. Mwaka 1980 moto ulianzia chini kabisa kwenye hoteli ya MGM Grand huko Las Vegas, Marekani. Walikufa watu 85, wengi wao ghorofa za juu, mbali na moto wenyewe. Ni moshi uliowafuata kupitia ngazi na mashimo ya lifti.

Kwa mama, basi. Chukua chumba ghorofa ya 2 au ya 3, na angalia dirisha. Likiwa na vyuma visivyofunguka, omba kingine. Kabla hujalipa, mwambie kijana wa mapokezi akuonyeshe njia ya nyuma, muende naye, usukume mlango. Akianza kusema "ufunguo uko na fulani", toka. Fanya hivyo baada ya saa tatu usiku ukiweza, mchana utadanganywa na mlango ulio wazi. Moshi ukiingia, asipande lifti. Na kama ngazi zimejaa moshi, arudi chumbani, afunge mlango, azibe chini kwa taulo lililoloweshwa, apige 999 au 112 akitaja namba ya chumba.

Na ahesabu milango kutoka chumbani kwake hadi kwenye ngazi, maana gizani atakwenda kwa kupapasa ukuta. Mimi siwezi tena kulala kabla sijahesabu. Mwezi uliopita Kisumu ilikuwa 5, mkono wa kushoto, na wa sita ulikuwa wa stoo.