Usitafute Jina la Babu, Tafuta Namba Yake

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, babu yangu alikuwa Keya, lakini jina lake silioni popote." Keya ni KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Mwaka mzima nilikuwa nikilia kilio hicho hicho.

Kwetu jeshi ni urithi. Baba alikwenda vita vya Kagera na JWTZ. Babu alikuwa Keya, akapigana Burma katika vita vya pili. Baba yake babu alichukuliwa na Waingereza kuwa mpagazi katika Vita Kuu ya Kwanza. Ila baba mdogo mmoja alizoea kusema mbele za watu kwamba habari za Burma ni ngano tu za mzee. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Nilianza vibaya. Nilitafuta jina la babu kama tunavyoliandika sisi, kumbe karani wa Keya aliandika alivyosikia, na la ukoo akaliacha. Ofisi moja ikanijibu kwamba mtu huyo hayupo. Nililia ngazini.

Ndipo shangazi akafungua sanduku la bati, akatoa cheti cha kuachishwa jeshi, kimekunjwa mara nne. Namba yake ya jeshi hiyo hapo! Pembeni yake: 36 KAR, yaani kikosi chake, cha 36 cha Keya. Binamu yangu aliyeko Uingereza akaenda kwenye nyaraka za taifa kule Kew, London, akaomba mafaili ya WO 172, ya vikosi vilivyopigana upande wa Burma, akapiga picha kumbukumbu za kila siku za kikosi. Bonde la Kabaw, huko Burma, 1944: mvua, matope, malaria. Yale yale aliyotusimulia mzee. Nikampelekea baba mdogo. Alisoma kurasa zote, hakusema neno.

Basi ndugu zangu, tafuteni namba. Medali za Waingereza za vita vya kwanza kwa kawaida zimechongwa namba na jina ukingoni. Za vita vya pili Waingereza walizitoa bila jina, kwa hiyo usipoteze siku ukizigeuzageuza, tafuta karatasi. Na wazee waulizeni leo, msingoje msiba uwakutanishe. Namba kwanza!

Mpagazi wetu bado sijampata. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, tangu 1927, inawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, na inaahidi kwamba ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Majina yenyewe hayakuchongwa. La kwake shangazi analijua. Nimeliandika kwa wino kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la ukoo, juu ya la babu.